Kwa Nini Nimebaki na Kiboksi Chako Cheusi

Chemchem,
Tabora.
Jumapili, 14 Julai 2024.

Mpendwa mdogo wangu Alois,

Habari za huko Aarhus, na habari za siku nyingi? Ni matumaini yangu kwamba barua hii itakukuta mzima wewe, wifi yangu Advera na watoto, na kwamba kiuno ulichokuwa ukikilalamikia kimepata nafuu. Usibebe vitu vizito, na usimfiche daktari. Ukoo wetu una ugonjwa wa kusema "sijambo" huku tumeshika ukuta.

Sisi huku tu wazima, tunamshukuru Mungu. Baba hajambo. Anakula, analala, na kila mlo anasema chumvi haitoshi. Shemeji yako Fikiri ana kikohozi cha kipupwe lakini anakwenda kazini. Baridi ya mwaka huu imetuandama kwelikweli, na vumbi la Chemchem unalijua, ukianika nguo nyeupe asubuhi jioni unaanua za kaki.

Najua utashangaa kupata barua ya karatasi kutoka kwa dada yako ambaye simu haimtoki mkononi. Sababu ni hii: ujumbe wa sauti nikikutumia au ukinitumia, nyumba nzima inausikia, na wa kwanza kuusikia ni Baba, ambaye anadai masikio yamemchoka lakini lisilomhusu halimpiti. Haya ninayokuandikia hayatakiwi yamfikie. Kwa hiyo nimempa Consolatha, anayerudi huko wiki ijayo, akuletee kwa mkono, pamoja na dumu la asali ya Usinge na kile kiboksi chako kipya kinachong'aa.

Ndiyo, umesoma sawasawa. Kinachorudi ni kile kipya. Kile cheusi, cha kwako mwenyewe, ulichonipa kwa kulinganisha tu na kunisisitizia kirudi bila mkwaruzo mpya, nimebaki nacho. Usimpigie Fikiri simu kunishitaki. Soma kwanza mpaka mwisho.

Kabla sijasahau, mwambie Advera asali ya safari hii ni ya msimu mzuri. Wafuga nyuki wa Usinge wamevuna vizuri, na mimi na akina mama wenzangu tumechuja na kufungasha mpaka mikono inanata hata tukipeana salamu. Iliyomo kwenye dumu ni ile nyeusi kidogo anayoipenda. Asiiweke kwenye friji.

Sasa tuingie kwenye shauri lenyewe. Katika ujumbe wako wa juzi umesema sina masikio. Umesema kiboksi kile kipya kimesifiwa na wajuzi wa mambo ya santuri, kwamba hakina kelele hata chembe, na kwamba mimi nimechagua priampu kama mtu anayechagua mkungu wa ndizi, kwa kuangalia uliokomaa ngozi. Nilicheka peke yangu jikoni. Lakini kosa ni langu kidogo, kwa sababu nilipokuomba unitafutie priampu, kiboksi cha kukaa kati ya mashine ya santuri na amplifaya, sikukwambia ninataka kusikia nini. Nilikuwa nazungumza nawe sebuleni, Baba amekaa pembeni yangu.

Santuri ninayoisema unaijua: ile ya kwaya ya kigango cha Usoke, waliyokwenda kurekodi Dar es Salaam kwa treni wakati Baba bado kijana, kabla wewe hujazaliwa. Baba aliimba besi. Mama aliimba sauti ya pili. Mama alikuwa akisema hakumpenda Baba kwa sura, na ukiziangalia picha za enzi hizo unamwelewa. Alimpenda kwa sauti. Mazoezini alikuwa akisimama mstari wa mbele yake, na alisema besi ya Baba ilikuwa ikimpitia mgongoni.

Redio ya zamani yenye miguu minne, iliyokuwa na sehemu ya kupigia santuri, ilikufa ukiwa bado unatambaa. Baadaye sana ndipo ikaja hii mashine tuliyonayo, na fundi Omari wa mtaa wa pili ndiye aliyeifunga. Omari ni fundi mzuri na mcheshi, harusi nyingi za mjini hapa zimepigwa na spika zake. Na kwa sababu yeye ni mtu wa harusi, aliichomeka mashine kwenye tundu la maiki la amplifaya. Tundu la maiki ndilo lenye nguvu, akatuambia, na kweli sauti ilitoka mpaka majirani wakaja kuuliza kuna shughuli gani. Tukampa soda, tukamshukuru, na hivyo ndivyo tulivyoishi miaka yote hiyo.

Kumbe santuri haitaki hivyo. Hili nimejifunza safari hii, na nakuandikia kama nilivyolielewa mimi, wewe unirekebishe. Wakati wa kuichonga santuri, sauti nzito hupunguzwa makusudi ili zisile nafasi, na nyembamba huongezwa. Kazi ya priampu si kukuza sauti tu, ni kurudisha kila sauti mahali pake. Tundu la maiki halijui habari hiyo. Linakuza kilichopo. Kwa hiyo kwenye santuri yetu akina mama walikuwa wakilia juu kama mabati yanayokatwa, tena wazuri, lakini wanaume wa chini ungedhani siku hiyo waliachwa na treni.

Hapo ndipo anapoingia Mzee Shaban. Wewe unamjua, lakini nakuandikia kirefu ili watoto wako wakisoma barua hii ukubwani wasipotee. Mzee Shaban ni Mzaramo aliyeletwa huku na kazi ya reli. Alihamishiwa Usoke wakati ile redio ya miguu minne imeshakufa, akakutana na Baba, na wakajua papo hapo kwamba wao ni watani. Utani wa Wanyamwezi na Wazaramo ni wa tangu njia ya misafara, babu zetu walipobeba mizigo mpaka pwani wakipita kwao. Mtani anakutukana na hukasiriki. Anaingia kwako anachukua kuku, unacheka. Ukifiwa, yeye ndiye anayekuja kuharibu msiba mpaka machozi yakukauke. Mzee Shaban alipostaafu akajenga hapa Chemchem, na Mama alipofariki tukamleta Baba mjini, wazee wakawa majirani tena. Tangu hapo sijawahi kunywa chai ya jioni kwa utulivu.

Utani mkubwa wa Mzee Shaban ulikuwa santuri hiyo. Kila ikipigwa anatega sikio, anauliza, "Wilbroad, wewe uko wapi hapo? Mimi nawasikia wanawake watupu. Ninyi wapagazi mlipelekwa kubeba vinanda." Na Baba anamjibu kwamba masikio ya Mzaramo yamezibwa na ngoma. Miaka nenda rudi, maneno yale yale, na wote wawili wanacheka kana kwamba ni mapya.

Pasaka ya mwaka huu mambo yalikwenda vingine. Tulikuwa wengi, wajukuu wamekuja kutoka Dodoma na Mwanza, na mmoja akaomba babu awapigie santuri yake. Mzee Shaban, kama kawaida, akawaambia wale watoto wasikilize wenyewe kama babu yao yumo. Wakasikiliza, tena kwa makini, wameinamia spika. Halafu wakasema bila ubaya wowote, "Babu, kweli humo husikiki." Watu wakacheka. Mzee Shaban akasubiri ajibiwe. Baba alikunja kitambaa chake, akakitia mfukoni, akaomba maji ya kunywa.

Toka siku hiyo Alois, Baba alinywea. Sikukwambia kwa sababu ungepanda ndege bure. Aliacha ule mnguno wake wa asubuhi anapotafuta viatu. Jumapili akawa anakwenda misa lakini hakai tena na wanaume wa besi kwenye kile kiti walichomwekea, anakaa nyuma karibu na mlango. Mzee Shaban akija na matusi yake, Baba anamwitikia kwa adabu, anamkaribisha kiti. Hebu fikiria, anamkaribisha kiti kwa adabu.

Siku moja nilikuwa nampaka mafuta ya mgongo, akaniambia, "Levina, labda sikuimba. Labda nilisimama pale nikatikisa mdomo." Nikamwambia Baba, acha. Akasema unajua siku hizi anasahau, miwani anaitafuta na iko usoni, basi pengine na hili amelitunga. Akasema mtu akifika umri wake, aliyoyafanya na aliyoyatamani yanalala kitanda kimoja na hajui lipi ni lipi. Roho iliniuma sana. Ningeweza kumwambia kwamba Mama alimsikia, lakini Mama hayupo wa kumuuliza.

Wiki chache baadaye nilikuwa uani nachuja asali, Mzee Shaban akaingia kwa mlango wa jikoni. Mtu huyu siku zote huingia kwa mbele, akianza kelele tangu barabarani. Nikamwamkia, "Shikamoo baba." Kila siku hunijibu, "Marahaba, mpagazi." Siku hiyo akajibu, "Marahaba, mwanangu," nikajua kuna jambo zito.

Akakaa kwenye kigoda, akaangalia asali inavyoshuka. Akasema, "Nimemuumiza baba yako." Nikamwambia basi baba, mtake radhi, yaishe. Akaniangalia kama mtu anayejiuliza nimelelewa na nani.

"Mtani hatakwi radhi, Levina. Siku nitakayomwambia Wilbroad nisamehe, atajua nimemwonea huruma, na utani umekufa hapo hapo. Mimi nitabaki jirani tu, mstaafu wa reli kutoka pwani. Nilipomzika mke wangu wa kwanza, baba yako ndiye aliyeshuka kaburini akakataa kutoka mpaka nikacheka. Nani mwingine atanifanyia hivyo? Wewe itafute hiyo sauti. Kama imo, itoke. Mimi siwezi kusema kitu, lakini santuri inaweza."

Kwa hiyo mdogo wangu, ulipoona dada yako ameanza ghafla kuuliza habari za priampu, ukadhani amepata anasa mpya ya utu uzima, ilikuwa ni ile. Nilikuwa natafuta namna ya kuomba radhi bila mtu yeyote kuomba radhi.

Ulinisaidia sana, ingawa ujumbe wako mmoja kuhusu "upana wa sauti" uliisha nikiwa nimeshapika, nimekula na kuosha vyombo. Ile priampu ya vali uliyoitaja kwanza, yenye vioo vinavyowaka kama taa, niliikataa kwa sababu umeme wetu unaujua, unakwenda na kurudi unavyotaka, na kioo kikifa hapa nitakipata wapi. Omari naye alijitolea kunitengenezea ya kwake kwa vipuri vya redio mbovu. Nilimshukuru, nikamwambia tuone kwanza za Alois. Ndipo vikaja vile viwili, kipya cheupe kinachong'aa na cheusi chako kilichokwaruzika pembeni kama sufuria ya msibani. Ukasema cheupe ndicho. Nami sikubishana, nikaanza na cheupe.

Nilimwita Omari, tukakichomeka. Sindano ilipogusa santuri tukasikia mngurumo, Alois, kama tumefungua mashine ya kusaga sebuleni. Kwaya inaimba na mashine inasaga. Omari hakubabaika. Nyuma ya kiboksi chako kuna kitufe cha chujio la sauti za chini, akakibonyeza, halafu akazungusha besi ya amplifaya mpaka mwisho wa kushoto. Mngurumo ukakatika. Na sikufichi, sauti iliyobaki ilikuwa safi ajabu. Tulisikia mpaka akina mama wanavyovuta pumzi kabla ya kuanza ubeti. Fikiri akapiga makofi. Nilimsikia Mama, nadhani nilimsikia, na nikataka kulia.

Baba alisikiliza upande mzima, mikono juu ya mkongojo. Ulipoisha akasema, "Basi. Shaban alisema kweli." Akaniomba santuri nimpe Omari, au yeyote anayeitaka.

Sijawahi kukichukia kitu cha chuma kama nilivyokichukia kile kiboksi siku hiyo. Lakini kesho yake nikiwa kwenye kazi yangu nikaanza kufikiri. Asali ukiichuja kwa kitambaa kizito mno inatoka safi, inang'aa, mteja wa mjini anaisifu, na ladha ya msitu yote imebaki kwenye kitambaa. Nikajisemea, kama Baba yumo, Omari ametoka kumchuja. Mngurumo na sauti ya Baba vinakaa chumba kimoja huko chini, na sisi tumewafungia mlango wote wawili. Dawa si kuchuja. Dawa ni kujua mngurumo unatoka wapi.

Nikakichukua kile cheusi, nikakigeuza. Nyuma kina skrubu ndogo imekaa peke yake, na alama ya ethi, ile ya kuunganisha na ardhi, pembeni. Cheupe hakina. Nikajiuliza skrubu hiyo inangoja nini, nikaenda nyuma ya mashine ya santuri na tochi ya simu. Kule chini, pamoja na buibui, nikaukuta waya mwembamba wa kijani umeviringishwa vizuri na kufungwa kwa utepe mweusi. Nilimpigia Omari. Akasema, "Ule hauna kazi dada Levina, ulikuwa unaning'inia tu, nikaufunga usilete fujo." Yaani waya wa ethi wa mashine hii haujawahi kufungwa mahali popote tangu iingie nyumbani, na kwa kuwa tundu la maiki haliinui sauti za chini, mngurumo wake hatukuwahi kuusikia.

Omari alikuja akiwa amebisha njia nzima, na alipoiona ile skrubu akacheka mwenyewe mpaka akakaa chini. Kwa haki ya kiboksi chako cheupe, tulijaribu kuufunga ule waya kwenye bati la amplifaya, mngurumo ukapungua lakini haukuisha, na bila kile kitufe cha chujio bado ulikuwa unakera. Kwenye cheusi aliukaza kwenye skrubu yake, chujio tukaliacha wazi, besi ya amplifaya tukairudisha katikati. Nikaweka sindano mahali pasipo na wimbo. Kimya. Tulitazamana. Nikamwambia asiendelee, wimbo wenyewe umngoje Baba.

Jumamosi iliyopita baada ya chakula cha mchana nikamwambia Baba nahitaji msaada wake kukijaribu kiboksi kabla sijakurudishia, maana wewe ni mkali. Hakutaka. Alikaa kwa ajili yako tu. Mzee Shaban naye akatokea, eti kaja kuomba chumvi, akasimama mlangoni na kibakuli chake hataki kuingia wala kutoka. Fikiri alikuwepo, na Omari, aliyekataa kubaki nje.

Ubeti wa kwanza ni akina mama peke yao, wewe unaukumbuka. Wakaimba. Ukaja wa pili, na chini yake kikaingia kitu. Mimi nilikisikia miguuni kwanza, kwenye sakafu, halafu kikapanda. Wanaume, Alois. Walikuwa wamo siku zote. Walikuwa wamesimama pale pale chini ya akina mama, wamewabeba, na sauti zao nene na laini, na sebule yetu nzima ikawa na uzito mwingine.

Baba aliinua mkono tunyamaze, ingawa hakuna aliyekuwa anasema. Akaanza kutaja watu. "Huyo Vedasto. Huyo mwenye kikwaruzo ni mpima tumbaku wetu, Mungu amrehemu. Huyo..." Akasita. Aliogopa kulisema. Uso wake ulikuwa wa mtu anayesubiri kuitwa jina darasani.

Halafu akasema kwa haraka, "Subirini. Ubeti wa tatu nitawahi. Mwalimu atakuwa hajashusha mkono, mimi nitakuwa nimeshaingia."

Akina mama wakamaliza, pakawa na kimya kidogo kati ya beti, na ndani ya kimya hicho sauti moja nzito ikaingia peke yake, mapema, ikajishtukia, ikajizuia, na wenzake wote wakaikuta hapo hapo. Kosa tupu, limechongwa kwenye santuri. Na Baba alikuwa amelijua kabla halijafika.

Alicheka mpaka akakohoa. Akasema mwalimu alimtazama kwa jicho ambalo mpaka leo analiona, na njia nzima ya kurudi kwenye treni Mama alikuwa akimwita Bwana Mapema. Hilo la Bwana Mapema hakuwahi kutusimulia hata siku moja. Mimi nilikuwa nalia waziwazi, Fikiri anajifanya anatafuta kitu mfukoni.

Wimbo ukaisha, santuri ikabaki inazunguka. Wote tukamgeukia Mzee Shaban. Alikuwa bado mlangoni na kibakuli. Nikaomba kimoyomoyo asiseme neno jema.

"Nimesikia," akasema. "Hata kuimba mnakimbilia. Mlidhani kuna mzigo mwingine ataubeba mwenzenu?"

Baba akageuka kwenye kiti, polepole, kama zamani. "Na wewe ungejuaje nani kawahi? Kwenu ngoma inaanza Ijumaa, mnaamka Jumanne mnaulizana kama imeshaanza. Ingia ndani, Mzaramo, unazuia mwanga. Na hiyo chumvi ya kuombaomba uiache kwa Levina, tutaipeleka kwa maskini wa kweli."

Mdogo wangu, ni tusi la kwanza kumtoka Baba tangu Pasaka, na sijasikia maneno matamu zaidi ya hayo mwaka huu. Mzee Shaban akaingia, akakaa kwenye kiti cha Baba kizuri bila kukaribishwa, akaagiza chai. Walitukanana mpaka adhana ya magharibi. Mara moja tu, nilipokwenda jikoni kuongeza maji, nilimkuta kwenye beseni ananawa uso muda mrefu kuliko anaponawa kwa swala. Nikajaza birika, nikatoka.

Sasa unaelewa kwa nini kiboksi chako hakirudi. Chako cheupe ni kizuri, na huko kwenu ambako kila ukuta una ethi yake kitakupendeza. Huku kwetu tunahitaji chenye skrubu. Kile kikwaruzo pembeni nimekifuta vumbi, na juu yake nimeweka kitambaa nilichokidarizi mwenyewe. Ukikitaka sana njoo ukichukue kwa mkono wako mwenyewe Krismasi, tupambane mbele ya Baba. Nitafurahi ukishindwa.

Nakuomba jambo moja tu. Ukizungumza na Baba kwenye simu, sifia besi yake, lakini habari ya Mzee Shaban kuja kwa mlango wa jikoni usiiguse, wala usimtanie Mzee mwenyewe kwa hilo. Hiyo ni yake na mimi, na sasa na wewe. Hata Asmahani mkewe haijui.

Naandika haya jua likiwa bado juu. Asubuhi Baba aliamka akinguna akitafuta viatu, akavaa koti, akasema leo anakaa kwenye kiti chake pale kwenye besi. Mzee Shaban akamsindikiza kwa miguu mpaka geti la kanisa, kwa madai kwamba mpagazi akiachwa peke yake atabeba mzigo wa mtu. Niliwasikia tangu kwenye kona mpaka walipopotelea, na watu waliokuwa wakienda misa wakiwapisha njia wakicheka. Baada ya misa wanaume wa besi walinifuata kuniambia mzee amewavurugia wimbo wa shukrani, ameingia kabla ya kiongozi. Nikawaambia wamzoee.

Fikiri anakusalimu, anasema umletee viatu vya namba yake, si ya kwako. Asmahani anamsalimu sana Advera na anauliza watoto wanakula nini huko hata wanakuwa warefu hivyo. Omari anakusalimu na anaomba umwandikie kazi ya ule waya wa kijani kwa lugha ya kueleweka, kwa sababu tangu Jumamosi anazunguka mjini kuwauliza wateja wake wa zamani kama nyumbani kwao kuna waya umefungwa kwa utepe mweusi. Mzee Shaban anakutukana, nami naona aibu kuyaandika aliyosema.

Mungu awatunze nyote huko ugenini, awape afya na riziki ya halali, akuponye kiuno chako, na akurudishe utuone tukiwa bado tuko wote.

Baba amekaa hapa kando yangu, alikuwa akidhani namwandikia mteja wa asali. Mwishowe nimemwambia ni wewe, nikamuuliza nikuandikie nini kutoka kwake. Ameegemea mkongojo wake. Halafu akasema, "Mwambie nilikuwepo."

Ni mimi dada yako wa tumbo moja, nikupendaye hata ukinuna,

Levina